Treni fupi ndiyo yenye kazi

Treni ya mizigo ya masafa marefu huungwa mara moja, ikapewa njia, ikaondoka. Yetu ya tawi la viwandani ina kichwa kimoja na mabehewa machache, mwendo wake mtu akikimbia anaufikia, na ndani ya zamu hukatwa na kuungwa upya kila inapofika kwenye geti la kiwanda. Nimefanya kazi ya shanta, yaani mkataji na muungaji wa mabehewa, kwenye treni za aina hii miaka mingi, na nasema wazi: hakuna kazi ya reli inayotaka akili kuliko hii.

Anza na pointi. Upande mmoja wa pointi njia ni moja, upande wa pili zimekuwa mbili. Ukitokea upande wa njia mbili, pointi imekupa mgongo, na hapo mambo ni rahisi: unakata nyuma ya behewa linalotakiwa, unasogea mpaka gurudumu la mwisho livuke pointi, shanta anageuza, mnarudi kinyumenyume mkilisukuma ndani. Lakini ukitokea upande wa njia moja, pointi inakutazama. Ukiingia hivyo hivyo, kichwa ndicho kinachotangulia, kinakwenda kukwama mwisho wa reli huku behewa limekiziba mlango.

Dawa ni mbili. Ama mzungushe kichwa kwenye njia ya kupishania, ile ya kando inayoungana na njia kuu ncha zote mbili, mpaka kiwe nyuma ya mabehewa, ama mlipite geti lile bila kusimama, mfike mwisho wa tawi, mzungushe kichwa huko, na mlihudumie wakati wa kurudi, maana mkirudi, pointi iliyokuwa inawatazama sasa imewapa mgongo. Ndiyo sababu mtu wa kiwandani anaweza kuona behewa lake likipita mbele ya macho yake asubuhi na kuletewa saa nne baadaye. Anapiga simu akiwa amekasirika, na namwelewa, lakini hakuna aliyemsahau.

Na njia ya kupishania ndiyo inayoamua urefu wa treni. Kama inabeba mabehewa manane, basi ni manane, hata kichwa kiwe na nguvu za kuvuta arobaini. Ukizidisha, utazungusha kwa mafungu mawili na zamu itakuishia njiani.

Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika yadi, kabla hatujaondoka. Behewa la kuachwa kwanza likae karibu na kichwa. Yale ya kuachwa wakati wa kurudi yapangwe kinyume: litakaloanza kuachwa likae mkiani kabisa, kwa sababu tukishazunguka kule mwisho, mkia ndio unaokuwa jirani wa kichwa. Mpangaji akikosea hapo, kila geti tunaingia na kutoka tukiburuta mabehewa yasiyohusika. Wapenzi wa reli za mfano wanaijua taabu hii kupitia fumbo la Mwingereza Alan Wright: njia tatu, moja ya mabehewa matano na mbili za matatu matatu, mabehewa manane jumla, na unatakiwa kutoa treni ya matano kwa mpangilio uliochaguliwa kwa bahati nasibu. Mipangilio inayowezekana ni 6,720. Hizo ni njia tatu tu, juu ya meza, bila mvua wala mteremko.

Tukifika getini, mimi hutangulia kwa miguu. Hatuungi kitu chochote kiwandani kabla sijatembea njia nzima hadi mwisho wake. Natazama kama kuna mpira wa kunyonyea bado umefungwa kwenye behewa la tangi, kama kuna ubao wa forklifti umelazwa kati ya jukwaa na mlango wa behewa, kama kuna mtu chini ya magurudumu. Natazama kile kifaa cha chuma kinacholala juu ya reli karibu na geti, kilichowekwa makusudi ili behewa linalotoroka lianguke ndani ya kiwanda badala ya kwenda kugonga treni kwenye njia kuu. Kina kufuli, na kisipoondolewa kitatuangusha sisi wenyewe.

Kisha natazama mfereji. Ndani ya viwanda reli mara nyingi imezikwa kwenye zege ili malori yapite, na pembeni ya chuma pameachwa mfereji mwembamba ambamo ukingo wa gurudumu hupita. Saruji iliyomwagika huingia mle, mvua ikinyesha inaganda ngumu kama jiwe. Pumba za nafaka nazo hukandamizwa na matairi ya malori mpaka zinakuwa bamba. Gurudumu likifika hapo halichimbi, linapanda. Behewa la tani themanini linanyanyuka kidogo, unasikia mkwaruzo mfupi, na limeshaacha reli, wakati mwendo wenu ni wa mtu anayetembea. Ndiyo maana sitoki bila mtaimbo. Nachokonoa mpaka nione weusi wa chuma pande zote mbili, hata kama dereva anapiga honi kunihimiza.

Kurudi kinyumenyume ni kazi ya sauti. Dereva wetu, Mzee, yuko kichwani haoni kitu, anategemea maneno yangu redioni, nikimhesabia umbali uliobaki kwa urefu wa mabehewa: mabehewa matano, matatu, mawili, moja, nusu, simama. Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni hii: nikisema matatu halafu nikanyamaza, anasimama kabla ya kumaliza nusu ya umbali huo. Haulizi kama betri imekwisha au nimeanguka. Ukimya ni amri ya kusimama.

Sasa breki za mkono, na hapa naomba wanaoanza kazi wanisikilize. Breki ya upepo aliyoianzisha George Westinghouse mwaka 1869, na kuiboresha miaka michache baadaye, ina akili ya kipekee: upepo uliojaa kwenye bomba ndio unaoachia breki, na ukipungua breki zinashika. Treni ikikatika, inajisimamisha yenyewe. Lakini behewa lililokatwa na kuachwa muda mrefu linavuja, na upepo ukiisha kwenye silinda inayobana breki, breki inalegea. Kwenye mteremko wa mita 1 kila mita 200, ambao jicho halioni kabisa, behewa la tani 80 linavutwa na nguvu ya kilo 400. Beringi za magurudumu zikiwa nzima, mara nyingi hazilizuii.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai 2013, huko Quebec, Kanada, treni yenye matangi 72 ya mafuta ghafi iliachwa mteremkoni bila mtu. Kichwa kilichokuwa kinaunguruma kilishika moto, kikazimwa, upepo ukaanza kuvuja. Breki za mkono zilizokuwa zimekazwa ni saba. Treni ikaondoka yenyewe, ikaingia mji wa Lac-Mégantic, ikaanguka na kulipuka. Watu 47 walikufa. Wachunguzi walieleza kwamba breki za mkono zilijaribiwa huku breki ya upepo ya vichwa ikiwa bado imeshika, kwa hiyo jaribio halikuonyesha kitu.

Treni yetu ni fupi, lakini mvuto wa ardhi ni ule ule. Kila tunapoacha mabehewa njia kuu ili tuingie kiwandani, nakaza breki za mkono, namwambia Mzee aachie breki zote za upepo, asukume kidogo, avute kidogo. Yakitikisika, naongeza nyingine na tunajaribu tena. Inakula dakika kila geti, na hizo dakika sizipunguzi kwa ajili ya mtu yeyote.

Wanaochora reli mpya za viwandani nawaomba mambo matatu. Pointi zote zielekee upande mmoja kadiri ardhi inavyoruhusu. Njia ya kupishania iwe ndefu kuliko treni mnayoiona kwenye makaratasi leo. Na pembeni ya reli mwageni kokoto ndogo za kutembelea, kwa sababu kuna mtu atapita hapo kwa miguu, usiku, akiwa na redio mkono mmoja na mtaimbo mkono wa pili.