Kumbukumbu ya mradi: -0.75 si sifuri

Imekubali! Programu yangu ya kuhesabu karata za blackjack (mchezo wa 21) ina matoleo mawili, la lugha ya Python na la lugha ya C. Nikiyalisha faili moja ya karata zilizochangwa, majibu sasa yanalingana mkono kwa mkono.

Mfumo wa kuhesabu ni Hi-Lo, kila karata inayotoka ina alama yake: 2 hadi 6 ni +1, 7 hadi 9 sifuri, kumi, picha na ree -1. Pakiti 6, zinachangwa upya ikibaki moja na nusu. Huko kote salama. Kilichogoma ni mstari mmoja tu, wa kugeuza hesabu ghafi (jumla ya alama hizo) kuwa hesabu halisi (kwa kila pakiti iliyobaki): ghafi × 52 ÷ karata zilizobaki.

Chukua ghafi -3, zimebaki karata 208. Jibu ni -0.75. Alama ya kugawanya ya Python, //, inashuka hadi -1. Alama ya / ya C, ikipewa namba kamili, inakata desimali na kukuachia 0. Upande wa chanya zinakubaliana, na dau hupandishwa huko huko, kwa hiyo ukikagua madau huoni kitu. Kosa linajificha kwenye maamuzi yanayogeukia sifuri: mkono wa 16 dhidi ya 10 ya mgawaji, 12 dhidi ya 4 yake. Kuanzia 0 unasimama, chini yake unaomba karata. Toleo la C lilikuwa linasimama mahali pa kuomba.

Mgawanyo wa hesabu halisi kwenye makapu, kila namba kamili na kapu lake, ndio uliofichua. Kapu la sifuri lilibeba kila kilicho kati ya -1 na +1, upana mara mbili ya makapu mengine. Na grafu ililingana vizuri kushoto na kulia, uzuri wa kupoteza watu! Ukishusha sawasawa, pacha wa kapu la 0 ni kapu la -1.

Dawa: gawanya kwa double (namba yenye desimali), kisha floor() ya kushusha. Karata zilizobaki zisiwe unsigned (aina ya namba isiyojua hasi): -156, yaani -3 × 52, inageuka 4294967140, gawa kwa 208, hesabu halisi inakuwa milioni 20 na dau la juu kabisa linawekwa kwenye meza mbovu. Kosa hilo angalau linapiga kelele.

C ina kasi, sibishi. Lakini toleo la Python, na ukobe wake, halifutwi, ndilo shahidi.

Iliyofuata ilikuwa bima (dau la pembeni kwamba mgawaji ana blackjack) kuanzia +3. Imewekwa kando, maana nahamia KO, mfumo mwingine wa kuhesabu, ambao haugawanyi kabisa: 7 nayo ni +1, kila pakiti inaishia +4, kwa pakiti 6 unaanzia -20 ili zikiisha zote uwe +4. Mstari wote ule unafutika. Jedwali la karata limeshabadilishwa.