Jinsi ninavyofuatilia mishipa ya damu ya uvimbe wa ubongo kwa MRI

Mgonjwa wa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, akianza dawa ya bevasizumabu, picha ya marudio huleta furaha mapema mno: ule mng'ao wa gadoliniamu, kontrasti inayodungwa mshipani ili kung'arisha picha, umenywea. Siandiki kwamba uvimbe umepungua. Bevasizumabu hufunga VEGF, protini inayochochea mishipa ya damu kukua na kuvuja; mishipa inaacha kuvuja, na kontrasti isiyovuja haing'arishi kitu, hata kama seli bado zinatambaa. Kwa hiyo nasoma FLAIR (picha inayoonyesha hata uvimbe usiong'aa) sambamba na T1 (picha inayoonyesha mng'ao), kisha napima perfusheni, yaani damu inavyopita ndani ya uvimbe.

Kazi yote iko kwenye sindano. Naweka kanula ya geji 18 au 20 kwenye mshipa wa kiwiko, mkono wa kulia. Kwanza naingiza milimoli 0.1 ya gadoliniamu kwa kila kilo ya mgonjwa, nasubiri dakika 5 au 6. Halafu picha za haraka zinaanza: TR (muda kati ya mpigo mmoja na mwingine) sekunde 1.5, TE (muda kabla ya kusoma ishara) milisekunde 30 kwenye mashine ya tesla 3, pembe ya mpigo nyuzi 60. Dakika nzima inapita kabla sijasukuma dozi ya pili, kiasi kilekile, mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, ikifuatwa na mililita 20 za maji ya chumvi kwa kasi ileile.

Dozi ya kwanza si ubadhirifu. Pasipo hiyo, kontrasti inayovujia kwenye tishu huongeza ishara ya T1 wakati tunategemea ishara ishuke kontrasti inapopita mshipani. Mchirizi, yaani mstari wa grafu wa ishara kadiri muda unavyopita, unapanda kupita ulikoanzia, na rCBV (kiasi cha damu ndani ya uvimbe kikilinganishwa na tishu yenye afya) inatoka ndogo kuliko ilivyo. Hata nikiwa nimeidunga dozi hiyo, bado nawasha marekebisho ya uvujaji kwenye programu.

Kabla ya kuamini ramani ya rangi ya rCBV, nautazama mchirizi wenyewe. Unatakiwa kuporomoka ghafla na kurudi. Ukiwa mpana, wa kina kifupi, sindano ilikwenda taratibu na namba zake sizitumii. Penye masalia ya damu ya upasuaji, au karibu na mifupa ya chini ya fuvu, ishara hupotea, hapo sipimi. Eneo ninalopima likigusa mshipa mkubwa wa juu ya ubongo, rCBV inaruka bila sababu.

Namba ya uvimbe naigawanya kwa ile ya maada nyeupe isiyo na ugonjwa ya upande wa pili. Na kwenye fomu naandika dozi ya siku hiyo ya deksamethasoni, steroidi anayopewa mgonjwa, kwa sababu nayo hupunguza uvujaji.