Wiki Tatu za Kung'oa na Kupanda katika Bustani ya Amani

Nilikuwa nimesoma habari za bustani ya mimea ya Amani miaka mingi kabla sijafika kufanya kazi huko kwa wiki tatu, na bado niliipita bila kujua. Basi la kutoka Muheza, mkoani Tanga, lilipofika juu, ukungu ulikuwa umeifunika milima ya Usambara Mashariki. Sikuona bustani yoyote. Niliona vigogo tu, vinene, vikitokea na kupotea. Kondakta alinishusha mbele kidogo, nikamuuliza bustani iko wapi. "Ndiyo hiyo tuliyokuwa tukipita ndani yake," akanijibu, akanionyesha nilikotoka.

Safari yenyewe si ndefu, inazidi kidogo kilomita 30, lakini hubadilika kabisa ukishafika Zigi. Hapo ndipo penye lango la hifadhi na nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni hadi pale. Reli haipo tena, nyumba imebaki na inapokea wageni. Kuanzia Zigi ni kona juu ya kona, msitu pande zote mbili, na baridi inayoongezeka hadi unavuta sweta begani huku ukijua kwamba bahari ya Tanga haiko mbali. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwaka hupata takriban milimita 1,900 za mvua. Joto lipo, maji yapo. Karibu kila mbegu inayodondoka hapa hujaribu kuota.

Ndiyo maana mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo. Walileta miti kutoka Asia, Amerika na pembe nyingine za Afrika, wakaipanda kipande kwa kipande cha ardhi ili waone upi utalipa: mpira, kahawa, kafuri, mkwinini. Mkwinini ndio ulionigusa zaidi. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipoziba njia ya bahari na dawa zikawa hazifiki, magome ya mikwinini ya hapa yalitengenezwa kwinini, dawa ya malaria, kwa ajili ya majeshi ya Kijerumani. Nilionja kipande cha gome kidogo kuliko ukucha. Uchungu wake ulikaa kooni hadi usiku.

Asubuhi ya kwanza nilikabidhiwa kwa mzee ambaye amefanya kazi ya kitalu tangu ujana wake. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa mabuti na kikapu. "Leo tunang'oa, mwanangu. Kupanda ni baadaye."

Tulichokuwa tunang'oa ni Clidemia hirta, kichaka cha kutoka Amerika ya kitropiki. Jani lake lina vinyweleo, na mishipa yake mikubwa hutoka kwenye kikonyo ikaenda sambamba hadi kwenye ncha, hivyo ukishalijua ni vigumu kulisahau. Huzaa matunda madogo ya buluu iliyokolea, kila tunda limejaa mbegu ndogo kama vumbi, na ndege huzisambaza kila mahali. Udongo ukiwa umelowa, mche wake hutoka kwa mkono mmoja. Urahisi huo ndio ulioniponza. Kufikia saa nne nilikuwa nimerundika rundo la kujivunia.

Mzee alikuja, akachutama, akaanza kulipekua jani kwa jani. Alitoa miche sita, akaipanga kwenye kiganja chake. Ilikuwa mitambara. Mtambara, Cephalosphaera usambarensis kwa jina la kitaalamu, ni wa ukoo mmoja na kungumanga. Ukikomaa huweza kufika mita 50, na mizizi yake husimama kama kuta kuzunguka shina. Nilikuwa nimeing'oa pamoja na magugu, mmoja baada ya mwingine, bila hata kutazama.

Hakunigombeza. Aliniambia nichanganye udongo, nijaze viriba sita, niirudishie miche yote ardhini na kuiweka kivulini, kisha nimwagilie mwenyewe asubuhi na jioni. Minne ilishika. Miwili ilinyauka siku ya tatu, na niliendelea kuimwagilia hadi siku ya saba, mpaka mzee aliponiambia basi. Tangu hapo sikung'oa kitu kabla sijageuza jani nikaona upande wa chini, nikavunja kikonyo nione utomvu, nikanusa. Kazi yangu ikawa ya polepole mno, na hakuna aliyelalamika.

Ukikaa pale siku chache unaanza kuona kwamba baadhi ya miti ya wageni haikubaki ilipopandwa. Mfano wake mkubwa ni musizi, Maesopsis eminii. Huu ni mti wa Afrika, kwao ni Uganda na magharibi zaidi, lakini Usambara si kwao. Uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20, ukaja kupandwa sana baadaye katika sehemu zilizokatwa magogo, kwa sababu hukua haraka na kuziba nafasi. Hondohondo wakayapenda matunda yake. Niliwasikia kabla ya kuwaona: mabawa yao huvuma kama upepo kwenye turubai, halafu kundi zima linatua juu ya kilele kimoja na kuanza kula. Wanameza, wanaruka hadi ng'ambo ya bonde, wanadondosha mbegu kule. Nilisimama chini ya mti huo na kisu changu cha palizi mkononi, sijui nimkasirikie nani. Ndege hana kosa, na mti nao unafanya kile mti hufanya.

Nimesikia watu wakisema bustani ya namna hii ingeachwa tu, msitu uimeze, maana imeleta matatizo ya kutosha. Sikubaliani nao. Mti uliopandwa na kuandikwa unaweza kufuatiliwa: ulitoka wapi, ulifika lini, watoto wake wamefika wapi. Ukiacha kutunza, mti utaendelea kuzaa vilevile, ila hakutakuwa na mtu wa kujua.

Ndiyo maana wiki ya pili, tulipohamia kwenye vibao, niliifanya kazi ile kwa moyo wote. Mti kwa mti tuliangalia kama kibao bado kipo, kama kinasomeka, kama kinalingana na mti wenyewe. Chenye kutu kilipigwa msasa na kuandikwa upya: jina la kitaalamu, familia, nchi ya asili. Mzee alinifundisha kutokigongomelea kwa nguvu, kwa sababu shina hunenepa. Kwenye mkafuri mmoja alinionyesha ukingo wa chuma kama unene wa wembe, ukichungulia kwenye gome. Kibao kizima kilikuwa kimemezwa. Nilifikicha jani la mti huo, harufu ya kafuri ikanijaa puani, kwa hiyo kuhusu aina yake hapakuwa na shaka. Lakini mwaka wake na mahali ilikotoka mbegu yake vimo ndani ya mti, na hatutaukata ili tuvisome.

Nilimuuliza kama hakuna sampuli za zamani zilizokaushwa. Akaniambia zilikwenda Nairobi. Ni kweli: hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ilianzia hapa Amani mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Majani yaliyochumwa kwenye miti hii yamelala kwenye makabati huko, na miti yenyewe imesimama huku mvuani. Jambo hilo lilinihuzunisha kuliko nilivyotarajia.

Jumapili moja niliteremka na kijana wa hapo hadi kwenye vijito vya upande wa Zigi kutafuta ua ambalo dunia nzima hulipanda dirishani. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilichukua mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina Saintpaulia kwa heshima ya familia yake. Siku hizi wataalamu wameliingiza kwenye jenasi Streptocarpus. Tulilikuta kwenye mwamba wenye kivuli na maji yanayochuruzika, majani yamekaa kwa duara, ua moja tu la zambarau. Lilikuwa limeng'ang'ania kwenye ufa ambao kidole hakiingii. Hatukulichuma. Tulikaa karibu nusu saa, tukaondoka.

Siku zangu za mwisho zilikuwa za msambu. Ulikuwa mwezi wa Januari, matunda yanadondoka. Tunda la msambu, Allanblackia stuhlmannii, ni zito na refu, na ndani yake mbegu zimekaa kwenye ute. Mbegu hizo zina mafuta mazito, na panya buku wanalijua hilo. Ukichelewa asubuhi unakuta wameshabeba. Mti huu ni wa milima ya mashariki ya Tanzania tu, wala hauoti kwa asili kwingine kokote. Dume na jike ni miti mbalimbali, kwa hiyo unaweza kupanda kumi na usipate tunda hata moja.

Tuliziosha mbegu, nyingine tukazimenya ganda, tukazifukia kwenye sanduku la mchanga wenye unyevu, juu tukaweka wavu kwa ajili ya panya. Niliandika kibao kwa mkono wangu: jina, mahali tulipookota, tarehe. Mbegu ya msambu huweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi kabla ya kuota, na mimi nilikuwa nimebakiwa na siku mbili.

Humpigia mzee simu kila baada ya miezi kadhaa. Tukishamaliza kujuliana hali namuuliza habari za lile sanduku, naye huniambia nisubiri, aende akaangalie. Nasikia mlango wa kitalu, nasikia mabuti kwenye kokoto, kisha kimya anapoinua wavu.

"Bado, mwanangu."