Mstari wa kazi kwenye barua ya msaada wa chuo

Barua ya msaada wa fedha kutoka chuo cha Marekani ikifika Unguja au Pemba, tafadhali ukague mstari wa kazi ya mwanafunzi. Mstari huo ukisema dola 2,400, hizo kwa kawaida hazikatwi kwenye ada. Ni mshahara, nao hulipwa kazi ikishafanyika: kwa dola 10 kwa saa ni saa 240, yaani saa 8 kila wiki kwa wiki 30. Wazazi wengi hukwama hapa, na inauma. Bili hudaiwa kabla ya masomo kuanza, mara nyingi Agosti. Mshahara huchelewa, maana kwanza utafute kazi, kisha uombe namba ya Social Security, yaani namba ya serikali ya Marekani kwa anayefanya kazi. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, nayo hairuhusu kazi ya zaidi ya saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Mzee asiuze karafuu kabla hamjapiga hesabu ya bili bila mstari huo.