Nilivyoyasoma makaburi ya walowezi katikati ya shamba la mahindi

Shamba lenyewe liko mashariki mwa Iowa, jimbo la Marekani ninakoishi, na mzee mwenye shamba alinionyesha makaburi kwa kidole tu: kichaka chenye mierezi miwili, kilichozungukwa na mahindi pande zote. Alijua kwamba wamezikwa watu pale, lakini si akina nani, kwa kuwa babu yake aliinunua ardhi kwa watu wengine. Nilimwomba ruhusa ya kuandika historia yao, naye akakubali kwa sharti kwamba nisikanyage mahindi yake.

Mimi ni mtu wa Machame, Kilimanjaro, na kwa kuwa kwetu wazee huzikwa kihambani, yaani katika shamba la ukoo, na kaburi likatambulishwa kwa mmea uitwao sale, nilianza kuchunguza mimea kabla ya mawe. Chini ya magugu kulikuwa na mmea utambaao wenye maua ya buluu, ambao walowezi walizoea kuupanda makaburini, na kwa kufuata ulikokomea nikapata takribani mpaka wa eneo lote. Mawe yenye maandishi yalikuwa manne; mengine tisa yalikuwa mawe ya shambani, yamesimikwa kwa mstari, bila hata herufi moja.

Hapo nikafanya kosa ambalo bado linaniuma. Jiwe la kwanza nililisugua kwa brashi ya waya ili kuondoa kuvu, na marumaru ikaanza kudondoka chembechembe kama sukari. Tangu siku hiyo nilitumia maji safi na brashi laini tu, kisha nikasoma alasiri, nikiumulika uso wa jiwe kwa kioo kutoka upande mmoja ili kivuli kiingie ndani ya herufi.

Jiwe dogo lenye mchongo wa mwanakondoo halikuwa na tarehe ya kuzaliwa. Lilisema kwamba mtoto alifariki tarehe 14 Machi 1863 akiwa na umri wa miaka 2, miezi 5 na siku 9, kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo, basi nikapiga hesabu kurudi nyuma, nikafika tarehe 5 Oktoba 1860. Yaelekea wazazi wake walikuwa wakihesabu hata siku. Kwa kuwa Iowa ilianza kuandikisha vifo mwaka 1880, huenda kifo hicho hakikuandikwa popote isipokuwa kwenye jiwe hilo.

Jina la ukoo nililifuatilia katika hati za mauziano zilizoko kaunti, nikaenda nyuma muuzaji kwa muuzaji, hadi nilipofikia hati iliyokitenga kipande cha makaburi kisiuzwe pamoja na shamba.

Katika maandishi yangu sikuwaita walowezi hao “watu wa kwanza”, ingawa wakazi wa sasa wa huku hupenda kusema hivyo. Walowezi waliruhusiwa kuingia tarehe 1 Juni 1833, baada ya Wasauk na Wameskwaki, wenyeji asilia wa Marekani, kunyang’anywa ardhi hiyo kufuatia vita vya mwaka 1832 vilivyopewa jina la Black Hawk, kiongozi wa Wasauk, na watu hao nao walikuwa na makaburi yao.

Mawe tisa yasiyo na maandishi niliyachora kwenye ramani, kila moja na namba yake, nikampelekea mzee nakala. Aliitazama muda mrefu, akauliza la saba liko umbali gani kutoka ukingo wa mahindi. Nikamwambia hatua mbili. Msimu uliofuata alipanda akiwa amesogea nyuma hatua sita.