Tabaka, Kwenye Machimbo ya Mawe ya Kisii

Kutoka Kisumu kwenda Kisii, sehemu ninayoipenda ni pale Ahero, mashamba ya mpunga yanapoanza na yangeyange weupe wakasimama majini kana kwamba wamelipwa kulinda zamu. Mbele ni Katito, Sondu, Oyugis, na kila kituo kina wauza ndizi na mahindi ya kuchoma wanaogongagonga dirisha la matatu. Baada ya hapo ni milima na baridi, na abiria wanaanza kutafuta majaketi.

Mimi huchora mabango ya maduka na vinyozi pale Kondele, mtaa wa Kisumu. Kazi ya rangi naijua. Jiwe sikuwahi kulishika. Lakini jina la Elkana Ong'esa nimelisikia tangu shuleni: mzaliwa wa Tabaka, mwaka 1944, akasomea sanaa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kisha McGill kule Kanada, na bado akarudi kwao kuchonga na kufundisha. Sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Magharibi yetu ya Kenya haikuanza jana kutoa wachongaji. Gregory Maloba, aliyezaliwa Mumias mwaka 1922, naye alipitia Makerere, na mnara wa uhuru wa Uganda wa mwaka 1962, ule wa Kampala wa mama anayemwinua mtoto, ni kazi yake. Basi nikataka kuona udongo unaotoa watu hawa.

Mjini Kisii nilipanda Probox iliyobeba watu kuliko viti vyake. Tuliifuata barabara ya Migori, kisha tukaiacha na kuingia vilimani, migomba pande zote. Hutahitaji kuuliza kama umefika Tabaka: vipande vya mawe vimetapakaa kando ya njia, na vumbi jeupe limekalia majani.

Machimbo ni mashimo makubwa kwenye udongo mwekundu. Vijana wanashuka na sururu na mtaimbo, wanabandua mawe na kuyapandisha kwa mikono. Jiwe likitoka chini likiwa na unyevu ni laini, nililikwaruza kwa ukucha likaacha alama. Kuna jeupe, la kijivu, la waridi, na lenye mishipa myekundu ndani. Jeupe hupakwa rangi; lenye mishipa huachwa kama lilivyo, na mchimbaji mmoja aliniambia kulipaka rangi jiwe kama hilo ni kumvalisha bibi harusi gunia. Mvua ikinyesha sana mashimo hujaa maji na kazi husimama.

Kwenye kibanda cha kuchongea nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mzee aliyenikaribisha alinisalimu kwa Kikisii, "Bwakire buya", nikajibu kwa Kiswahili, akacheka, "Karibu, kijana wa ziwani." Alishika jiwe kati ya nyayo zake na kulikata kwa panga. Panga lile lile la migomba! Umbo likaanza kutokea, akahamia kwenye tindo, kisha kisu, kisha tupa. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Hakuna aliyefunika pua, na hilo halikunifurahisha. Mapafu hayana vipuri.

Nilimuuliza kwa nini wanyama wake wote wamejikunja, miguu imebana, shingo zimelala mgongoni. Akanionyesha kiboko aliyekuwa mkononi.

"Huyu asubuhi alikuwa twiga," akasema. "Shingo ikakatika."

Hapo nikaelewa kitu ambacho rangi haikuwahi kunifundisha. Kwenye bango nikikosea napaka juu, kesho hakuna anayejua. Jiwe hili haliwezi kubeba kitu chembamba kilichotokeza, kwa hiyo mchongaji huwaza maumbo ya mviringo tangu mwanzo: familia iliyokumbatiana kwenye duara, ndege aliyekunja mabawa. Watu husema ni ishara ya umoja. Huenda, lakini naamini jiwe lilitangulia kusema, na binadamu akakubaliana nalo baadaye.

Nyuma ya kibanda akina mama walikuwa wamezunguka mabeseni ya maji, wakisugua sanamu kwa msasa, kwanza wa mparuzo, mwisho laini kabisa. Mama mmoja alinipa bakuli nijaribu. Baada ya dakika chache vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana na bakuli bado lina mikwaruzo. Alilichukua bila maneno. Baadaye hukaushwa juani na kupakwa nta ndipo zing'ae. Mng'ao unaowavutia wageni kwenye maduka ya Nairobi ni kazi ya mikono hii, ila husikii ikitajwa.

Nikamchukua yule kiboko. Tukapatana bei, kisha nikamwomba mzee aandike jina lake chini ya tumbo.

"Wanunuzi wetu hawataki majina," akasema. "Hubandika karatasi zao."

"Mimi nataka."

Akachukua msumari, akaandika taratibu, herufi kubwa kubwa, akapuliza vumbi. Kisha akaongeza shilingi hamsini kwenye bei. Nikalipa.