Kijiti kimoja tu jamani

Wikiendi nilikuwa Usangi, Upareni, babu akanituma kuni, na mimi kwa uvivu nikakatiza pale mpungi, ule msitu mdogo wa ukoo walikokuwa wanatambikia zamani, nikaokota kijiti kikavu, kimoja tu! Babu kaniona weee, "rudisha ulipokitoa we mjukuu, hapo hapo!" Nikamwambia babu si unaswali swala tano wewe, mizimu imetoka wapi tena, akacheka, akaweka sawa baraghashia lake akasema Mungu ni mmoja, ila wazee wamelala humo. Nikarudisha bana. Halafu ukicheki mlima wote ni migomba na kahawa, miti minene imebaki humo tu, na kijito tunachochotea maji kinatokea chini yake